Kuweka programu ya uhasibu toka kwenye seva: acha herufi Z

Ofisi nyingi hapa Lubumbashi zina kompyuta chache, seva moja, na programu ya uhasibu ambayo faili zake za kuiweka ziko kwenye folda ya seva. Fundi anafungua diski Z:, yaani herufi iliyopewa folda hiyo ya seva, anabofya setup, Windows inaomba ruhusa ya msimamizi, anakubali. Halafu anaambiwa faili haipo! Analaumu kebo, na kebo haina kosa lolote.

Z: iliunganishwa kwenye akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Ukikubali kuendesha kitu kama msimamizi, Windows inakifungua katika kikao kingine, na kikao hicho hakiijui Z:. Kwa hiyo andika njia nzima, \\SEVA\Programu\setup.exe. Kama msimamizi ni akaunti tofauti, nayo ipewe ruhusa ya kusoma folda hiyo. Wengine wanakopi setup.exe peke yake kwenye flashi, wakisahau kwamba faili za .msi na .cab zinazokaa kando yake ndizo zenye programu yenyewe. Na folda ukishaitumia, usiibadilishe jina: Windows inakumbuka .msi ilitoka wapi, na siku ya kurekebisha programu itaidai palepale.

Ruhusa ziko sehemu mbili, kwenye kushiriki folda na kwenye diski yenyewe (NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili), na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Folda ya programu: kusoma tu. Folda ya data: kusoma na kubadilisha. Ukikosea hapo programu itafunguka vizuri kabisa, ila muhasibu akitaka kuhifadhi fakitire (ankara) inakataa.

Saa nayo huwapotezea watu siku nzima. Windows iliyotayarishwa kwa saa za Kinshasa iko UTC+1, saa moja mbele ya saa ya dunia. Sisi tuko UTC+2. Mtu anaona saa iko nyuma, anaisogeza mbele kwa mkono bila kugusa ukanda wa saa. Inalingana na saa ya ukutani, lakini ndani kompyuta imepishana na seva kwa dakika 60, na kwenye domeni (mtandao ambao seva ndiyo inayosimamia akaunti zote) Kerberos, mfumo unaohakiki anayeingia, kwa kawaida huvumilia 5 tu. Nenosiri ni sahihi, lakini huingii. Badilisha ukanda, uchague UTC+2, ndipo urekebishe saa.

Toleo la seva na la kila kompyuta liwe moja. Anza na seva. Ukisasisha kompyuta moja peke yake, inaweza kugeuza faili ya data, na wenzake wakashindwa kuifungua.

Onduleri (UPS, betri inayoshika umeme ukikatika): watu wanaiunganishia seva na kompyuta, swichi ya mtandao, inayounganisha kebo zote, wanaiacha kwenye umeme wa moja kwa moja. Umeme ukikatika, kompyuta zote zinawaka lakini njia ya kwenda kwa seva imekufa katikati ya kuandika, na hapo ndipo faili ya data huharibika. Swichi inakula umeme kidogo sana. Iunganishe. Kwa sababu hiyohiyo, programu inayofungua faili ya data moja kwa moja kwenye seva usiiendeshe kwa Wi-Fi.

Kabla ya kuondoka, ingia kwa akaunti ya muhasibu mwenyewe, si ya msimamizi. Andika fakitire ya dola 1250,50 uitoe kwenye printa: Windows ya Kifaransa inatumia koma kabla ya senti, na programu iliyotengenezwa kwa nukta inaweza kusoma 125050. Kisha fungua data ileile kwenye kompyuta ya pili, ya kwanza ikiwa bado wazi.