Mombasa, Vuta!

Kwetu Gazi mtoto hafundishwi kuvua, anatumwa tu. Atatumwa kushikilia ngalawa isichukuliwe na maji, atatumwa kukata ngisi wa chambo, na siku moja atajikuta na mshipi mkononi huku babu yake amejilaza tezini anakoroma. Mimi nilijua bamvua na maji mafu, siku bahari inapojaa sana na siku inapojaa kidogo, kabla sijajua kusoma saa. Basi mwaka 2014, nilipopata kazi ya ufundi wa pampu katika shamba moja la maua Naivasha, nikasikia kuwa ziwani mna samaki aitwaye besi, ambaye watu hulipa pesa kwenda kumvua kwa fimbo na aghalabu hurudi mikono mitupu, nilicheka. Ziwa halipwi wala halijai. Halina mkondo, halina mwamba wa kukata mshipi, halina papa wa kukunyang'anya ulichokwisha kukipata. Samaki gani huyo wa kumshinda mtu wa bahari?

Aliyenijibu alikuwa mzee mmoja wa Kamere, ufuo wanaposhushia wavuvi upande wa kusini wa ziwa. Alikuwa Mjaluo aliyefika Naivasha akiwa kijana, akavua kwa nyavu miaka mingi, kisha akanunua boti ya injini na kuanza kuzungusha wageni. Kwake yeye pwani yote ni Mombasa. Nilimweleza mara kadhaa kwamba Gazi iko Kwale. Alisikiliza kwa adabu, akaitikia, kisha akaendelea kuniita Mombasa.

"Sasa wewe Mombasa, njoo Jumapili alfajiri. Mafuta juu yako. Na usikuje na hiyo kamba yako ya mkono."

Ilikuwa wiki chache baada ya Idi, Agosti, na kama hujawahi kuamka Naivasha mwezi wa Agosti hutaamini kuwa nchi ni hiihii moja. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nilitoka Karagita, mtaa niliokopanga chumba, kwa bodaboda nimevaa sweta mbili na koti, na bado meno yalikuwa yanagongana. Ukungu umelala juu ya maji, huoni hata Kisiwa cha Crescent. Mzee alikuwa na shati moja tu, kifungo cha juu wazi. Lakini ilibidi kuwahi: mchana upepo wa Naivasha hukoroga ziwa mpaka boti ndogo zinakimbilia pwani, na mawimbi yale mafupi ya haraka haraka, nakiri, ni mabaya kuliko mengi niliyoyaona baharini.

Tulipokuwa tunaambaa na ukingo, injini ikinguruma chini kwa chini, alinisimulia habari za besi. Samaki huyu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya watu waliopenda kuvua kwa fimbo, wakati huo walowezi. Ukweli ni kwamba karibu kila samaki anayeliwa kutoka ziwa hili aliletwa na mtu: perege waliwekwa kwa nyakati tofauti, na hata kreifishi, yule mdudu mwekundu mfano wa kamba mawe mdogo, aliingizwa mwaka 1970. Samaki mdogo wa asili aliyekuwa wa hapa peke yake alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Mzee hakuyasema hayo kwa huzuni. Aliyasema jinsi mtu anavyotaja wapangaji wa ploti: huyu aliingia lini, yule alihama lini.

Mpangaji aliyemkera ni mmoja tu, samaki aitwaye kapu. Kapu alianza kuonekana ziwani mwaka 2001, na kufikia wakati ule nilipokwenda ndiye aliyejaa kwenye nyavu. Mimi niliona ni neema, samaki mnene, anauzika. Mzee akatema mate majini.

"Hiyo samaki inachimba. Inaweka mdomo kwa matope inachimba, maji yote inakuwa chai. Na besi inawinda na macho. Sasa itaona nini?"

Ndiyo maana hatukuvua katikati. Tulitafuta mahali ambapo maji yametulia na kuna kitu cha kujificha. Mwaka 2009 ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, kisha mvua zikalirudisha likapita mipaka yake na kuizingira migunga iliyokuwa imeota ukingoni. Ile miti ilikufa imesimama. Ukipita katikati yake asubuhi unaona mashina meupe yametoka majini, na juu ya kila tawi la maana kuna mnandi anaanika mbawa. Chini ya mashina hayo ndiko anakokaa besi. Hazururi kama kolekole. Anajibanza kando ya shina au kwenye kivuli cha mafunjo, anangoja kipite kitu, anakirukia.

Mzee alizima injini, akafungua kibati cha biskuti. Humo mlikuwa na minyoo ya plastiki.

Nataka nieleze hapa vizuri, kwa sababu ndipo kiburi changu kilipoanza kupungua. Mnyoo wenyewe ulikuwa wa rangi ya zambarau, urefu wa kiganja, laini mno, una mkia uliojikunja. Alianza kwa kupitisha kwenye mshipi chubwi ndogo, kile kizito cha kuzamishia chambo, ya umbo la risasi, yenye tundu katikati, ikawa inateleza juu na chini. Ndipo akafunga ndoana. Akaichoma kwenye kichwa cha mnyoo, akaitoa ubavuni, akaigeuza, kisha ncha yake akairudisha ndani ya mwili wa mnyoo mpaka ikapotea kabisa. Akanipa nipapase. Hakuna kilichochoma. Unaweza kuuburuta ule mnyoo katikati ya magugu maji na matawi yaliyooza usinase popote. Babu yangu angeutupa baharini. Chambo kisicho na damu wala harufu, na ndoana isiyo na ncha!

"Sasa fikiria," mzee akasema. "Kama haishiki mti, itashikaje samaki?"

Sikujibu. Akanipa fimbo.

Habari ya kurusha nitaipitia haraka, haina heshima. Unafungua ule waya wa duara kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, unabana mshipi kwa kidole cha shahada, unarusha, unaachia kidole kwa wakati wake. Wakati wake ndio kazi. Nilivua mafunjo, nikavua mgunga, na mara moja nusura nivue kofia ya mzee. Alichonikataza kwa ukali ni kitu kimoja tu: nisimtupie samaki kichwani. Rusha upitishe shina, uache mnyoo uzame, kisha umletee taratibu, kama kitu kilichopotea njia. Inua ncha ya fimbo, acha ishuke, kunja mshipi uliolegea, inua tena.

Kumbe mkono wangu ulikuwa umekwisha kufanya jambo lake bila kuniuliza. Nilikuwa nimeutandaza mshipi juu ya kidole, mbele ya rili, vilevile ninavyoushika mshipi wa mkono nyumbani. Mzee alikitazama kile kidole kwa muda.

"Nani alikuonyesha hiyo?"

"Babu."

"Hiyo wageni wangu hawajui. Wanaangalia fimbo. Wewe sikiliza na hicho kidole."

Nikasikiliza. Chini kule nilihisi kila kitu: chubwi ikigusa tope, ikipanda tawi, ikidondoka upande wa pili. Mbele yetu, kama mita 100 hivi, viboko walikuwa wametoa masikio. Mzee alikuwa anawahesabu bila kuonekana anawahesabu, na kila mmoja alipozama alishika kamba ya injini mpaka aibuke. Kiboko ameua wavuvi wengi ziwani humo, na boti ya uzito wetu si kitu kwake. Ajabu ni kwamba baada ya muda niliwasahau kabisa. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye kidole.

Halafu nikaguswa. *Tik*, mara moja, kama mtu amebisha mlango kwa ukucha. Moyo ukanipanda. Nikafanya kile nilichofanya maisha yangu yote: nikatulia. Changu akigusa ngisi, ukivuta umeikosa riziki. Anadonoa kwanza, anaonja, anarudi. Unamwachia mshipi kidogo, anameza, anaondoka nao, na hapo ndipo unapomkaza. Nikamwachia. Nikangoja. Kidole hakikusikia kitu tena.

"Ulikuwa unangoja nini?" mzee akauliza, bila kugeuka.

"Ameze."

"Ameze nini? Plastiki?"

Alicheka mpaka boti ikayumba, kisha akanieleza kwa upole. Besi hadonoi. Anafungua ule mdomo wake mkubwa, anavuta maji na kila kilichomo, na ile *tik* ndiyo mlango unaofungwa: mnyoo umekwisha kuingia. Akiutafuna akagundua si nyama, anautema, na hilo halichukui muda. Ndipo nikaelewa na ile ncha iliyofichwa. Haiwezi kumkamata yenyewe samaki anapoondoka, kama ndoana zetu. Lazima wewe uichomoze, ipasue mnyoo kwanza, kisha ipasue mdomo, na yote hayo kwa pigo moja la fimbo. Samaki wa bahari nilimvua kwa subira. Huyu alitaka sikio lilelile, bali mkono usio na subira hata chembe.

Kujua hivyo ni rahisi. Mkono ulikataa. Kila nilipoguswa, vidole vililegea vyenyewe kabla sijaamua, na nyuma yangu nikawa nasikia sauti ya mzee ikipanda: "Vuta! Mombasa, vuta!" Jua likapanda, ukungu ukaisha, nikavua sweta moja. Furukombe akalia juu ya mgunga, akashuka, akachukua samaki wake mbele ya macho yetu na kuondoka. Mzee akanitazama tu. Hakusema neno, na ingekuwa afadhali angesema.

Aliponasa, sikumbuki kuamua. Nilikuwa namwuliza mzee kama ana chai kwenye chupa, mnyoo uko chini ya shina lililoinama, mshipi ukahama upande. Sikusikia hata mguso, niliona tu mshipi unakwenda kushoto polepole ilhali hakuna upepo. Mkono ukapiga. Fimbo ikapinda hadi nikadhani nimeshika mti, kisha mti ukatoka majini.

Aliruka mwili mzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kwa hasira, na minyunyizo ikatufikia usoni. Changu hafanyi hivyo. Tewa hafanyi hivyo. Yeye huingia mwambani na kukaa. Nikashtuka, nikalegeza.

"Usilegeze! Anatafuta hiyo! Kaza, shusha fimbo chini!"

Akiruka huku mshipi umelegea, ndoana huchomoka. Nikaishusha ncha ya fimbo hadi karibu na maji, nikakunja. Akaenda kwenye shina, nikamzuia. Akaja kwenye boti, akapita chini yake, nikazunguka naye nusura nianguke, mzee akanishika kiunoni kwa mkono mmoja na wa pili ameshika injini. Akaruka tena, mara hii chini zaidi. Kisha akalala ubavu.

"Mshike mdomo," mzee akasema.

Nilidhani sijasikia. Kwetu mtu hatii kidole katika mdomo wa samaki. Tewa ana meno, taa ana mwiba, na karibu kila kitu kingine kina njia yake ya kukufundisha. Lakini mzee alikuwa anaonyesha kwa kidole gumba chake mwenyewe, jinsi ya kumbana taya la chini. Nikashika. Ndani hamna meno ya kuuma, mna ukwaru kama msasa, na mara tu nilipobana akaacha kupapatika. Nikamwinua. Mgongo wa kijani iliyoiva, tumbo jeupe, na ubavuni mstari mweusi uliokatikakatika kutoka kichwani hadi mkiani. Taya la juu lilipita nyuma ya jicho. Kilo moja na nusu, si zaidi. Mzee alisema amewaona wakubwa, na kwa sura yake sikuona sababu ya kubisha.

Upepo ukaanza, tukarudi. Pale Kamere mzee alimpasua samaki mwenyewe, akanionyesha tumboni: gando jekundu na vipande vya gamba la kreifishi, mgeni amekula mgeni. Kulikuwa na majadiliano juu ya upishi. Yeye alitaka akaangwe akauke, aliwe na ugali. Mimi nilishapata nazi sokoni Naivasha, kavu, ya bei ya kuumiza, na sikuwa tayari kushauriwa. Nikampika kwa tui na ndimu, wali pembeni, nikamwalika chumbani kwangu Karagita.

Alikula akamaliza, akaosha mikono, akanyamaza kidogo.

"Samaki tamu," akasema. "Lakini umeificha."

"Haya, Mzee. Jumapili utapika wewe."

"Jumapili nitapika. Mafuta juu yako." Akasimama kutafuta viatu vyake. "Na ulete pesa ya minyoo. Ile umeacha kwa miti si yangu, ni ya mgeni wa Ijumaa."