Shingo imegeuka, kiuno nacho kinaanza kunisikiliza

Leo nimeweza kugeuza shingo nikiwa juu ya baiskeli nikaangalia nyuma, kulia na kushoto, bila ule mchomo wa chini ya kisogo. Naandika sasa hivi kabla sijazoea, maana mtu ukishapona unasahau haraka sana ulivyokuwa unaumwa.

Naenda kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani yule anayeshika pingili za uti wa mgongo na viungo vingine na kuvisogeza kwa mikono. Wengi wakisikia hivyo wanawaza ule mlio tu, wanadhani mfupa ulikuwa umehama sasa umerudi mahali pake. Hapana. Ndani ya kiungo kuna ute wa kulainisha, kiungo kikivutwa ghafla presha inashuka mle ndani na gesi inajitenga, ndo mlio wenyewe huo. Mgongo wangu umewahi kulia vizuri tu nisipate nafuu, na umewahi kutulia kimya kabisa nikaondoka natembea mwepesi, kwa hiyo siku hizi hata siusikilizii.

Kilichofanya nimuamini huyu wangu ni kwamba mara ya kwanza hakukimbilia kunigusa. Aliuliza weee, maumivu yanaanza baada ya muda gani, usiku je, ganzi ipo, nimeshawahi kuanguka, halafu akaniambia nije na baiskeli yenyewe. Tukaifunga kwenye stendi nikawa nakanyaga, yeye kachuchumaa pembeni anaangalia goti. Mi nimempelekea kiuno yeye anapima goti! Kumbe nyonga zangu zilikuwa zinayumba huku na huku kila pedeli ikifika chini, kwa sababu siti iko juu kuliko miguu yangu. Pedeli ikiwa chini kabisa goti linatakiwa libaki limekunjika kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35 hivi. Siti ikizidi juu nyonga inabidi iinamie upande kuifuata pedeli na kiuno ndicho kinacholipa, ikizidi chini goti linabanwa na unaanza kuumwa mbele, kwenye pia ya goti. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukizungusha mara 90 kwa dakika ni mizunguko 5,400 kwa saa, saa tatu umeshapita 16,000. Sentimita moja ya siti ikirudiwa mara zote hizo sio kitu kidogo tena.

Na shingo ikawa hivyohivyo, chanzo hakikuwa pale panapouma. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, ukishainamia hendeli lazima ukiinue ili uone mbele, na kama mgongo wa juu, pale katikati ya mabega, umekakamaa haunyooki, basi shingo inapinda zaidi kufidia na misuli yake inabeba mzigo njia nzima. Kwa hiyo mikono yake ilifanya kazi zaidi pale kwenye mabega. Nafuu ya kwanza ni tamu jamani, unashuka kitandani unajiona umeongezeka kimo. Ila mikono ya tabibu inafungua mlango tu, ukirudi kwenye hendeli ileile iliyo mbali, na misuli ileile isiyo na nguvu, mlango unajifunga tena. Tukainua hendeli na kuisogeza karibu kidogo, na hapo ndipo nafuu ilipoanza kukaa.

Shingo yenyewe sikubali izungushwe kwa nguvu ya ghafla, na nilimwambia hivyo. Mshipa wa damu wa shingoni kuchanika na kuleta kiharusi ni nadra sana lakini madaktari wameshaona, na njia za polepole zipo. Hakununa wala hakunibembeleza, akabadilisha tu.

Nimesoma pia, maana sipendi kuuziwa maneno. Kwa maumivu ya kiuno tafiti zinaonyesha tiba hii inasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema iende pamoja na mazoezi, isiwe peke yake, na kwa mwili wangu naona ni kweli tupu. Fani yenyewe ilianzishwa na D. D. Palmer huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, na yeye aliamini karibu kila ugonjwa unatokana na mgongo. Hiyo imani mi siichukui, mtu akikwambia atakutibu pumu au kisukari kwa kukusogeza pingili, chukua baiskeli yako uondoke.

Halafu wenzangu mnaopata ganzi kidole kidogo na cha pete, mara nyingi ni neva inayobanwa kiganjani kwa kuegemea hendeli muda mrefu, badilisheni mshiko mara kwa mara kabla hamjaanza kuutuhumu mgongo. Ila ukiona ganzi ya sehemu za siri haiishi hata ukishuka, au mkojo unakataa au unatoka wenyewe, au mguu umeishiwa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na ukianguka ukaumia shingo au mtulinga, eksirei kwanza, asikusogeze mtu yeyote.

Mimi sasa hivi kila asubuhi nalala chali nainua nyonga taratibu nashikilia, nageuka nafanya planki, yaani najiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, halafu nanyoosha misuli ya mbele ya nyonga kwa sababu kukaa kwenye siti kunaifupisha. Inachosha na haina raha ya kusogezwa na mtu mwingine wewe umelala tu. Tabibu kaniambia nisirudi mpaka mwezi uishe, labda paume, na nimefurahi sana kusikia hivyo kutoka kwa mtu ninayemlipa.