Sola pamoja na umeme wa laini: nyumba juu ya mawe ya volkano, Goma

Nilianza na karatasi: umeme wa nyumba kwa siku moja, kwa wati-saa (Wh). Taa 6 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni Wh 210. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4, Wh 240. Ruta ya wati 10 mchana na usiku, 240 nyingine. Simu na kompyuta 150, friji ndogo kama 700. Jumla 1,540. Kumbe nilisahau ondulere yenyewe (mashine inayogeuza umeme wa DC wa betri, unaokwenda upande mmoja, kuwa AC wa nyumba): yangu inakula wati 30 hata nyumba nzima ikiwa imezimwa, yaani Wh 720 kwa siku, kupita friji! Hesabu halisi ikawa 2,260.

Hapa jua ni la ikweta lakini mawingu ni ya milima, kwa hiyo napanga saa 4 tu za jua kamili, kisha natoa robo kwa ajili ya joto, waya na vumbi. Paneli 2 za wati 400 zinatoa kama Wh 2,400. Zinatosha, kwa shida kidogo. Betri ni ya lithiamu (LiFePO4), volti 25.6, ampea-saa (Ah) 100.

Ondulere ya kwanza niliirudisha. Ilikuwa ya kW 3, na MPPT yake (sehemu inayopokea umeme wa paneli) inaanza kazi kwenye volti 120. Paneli zangu, kila moja volti 37 ikiwa haijabebeshwa mzigo, zikifungwa kwa mfuatano zinafika 74. Hapo skrini ya ondulere inaonyesha volti, lakini wati ni sifuri, na fundi asiyesoma lebo atasema paneli zimekufa. Niliyonayo sasa inaanza kwenye 30 na inavumilia mpaka 145. Paneli 4 kwa mfuatano zingefika 148 na kuiunguza, na asubuhi ya baridi volti hupanda zaidi.

Kutoka betri hadi ondulere ni waya wa 25 mm², na fyuzi ya ampea 100 iko karibu kabisa na betri. Upande wa paneli weka disjonktere (swichi inayokata umeme yenyewe) ya DC. Ile ya kawaida ya nyumba ikikata DC, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake.

Mpangilio wa ondulere ni SBU: jua kwanza, betri pili, laini (umeme wa nguzoni) mwisho. Wengi wanakosea kwenye kiwango cha volti za laini. Jioni laini inashuka, na ondulere ikiwa kwenye UPS (mpangilio wa vifaa nyeti) inaikataa chini ya volti 170. Mtu anakasirika, anahamisha kwenye APL (mpangilio wa vifaa vya kawaida) inayokubali hadi kushuka 90, na umeme unarudi. Lakini ondulere ya aina hii haipandishi volti za laini, inazipitisha zilivyo, na mota ya friji inaungua kwa volti 130. Yangu iko UPS.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ardhi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme unaovuja udongoni. Chuma cha mita 1.5 kiligonga jiwe kwenye sentimita 40, nikahamisha mara tatu, jiwe tu. Nilichimba mtaro wa mita 15 chini ya mabati, pale maji ya mvua yanapoangukia, nikalaza waya wa shaba mtupu wa 25 mm² na kufukia kwa udongo mweusi ulioletwa kwa gari. Chumvi sikutia, inakula shaba. Fremu za paneli na mwili wa ondulere vyote vimefungwa hapo. Pia kagua kama ondulere inaunganisha nyutro na ardhi yenyewe ikiwa kwenye betri: isipofanya hivyo, disjonktere ya 30 mA (ile inayokata umeme ukivuja) haitakata mtu akishikwa na umeme.

Paneli zina mteremko wa digrii 15 ili mvua izioshe. Wakati wa kiangazi vumbi la volkano linakaa, na ukilifuta kavu linachora kioo. Namwaga ndoo moja kwa kila paneli, ndipo kitambaa, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.