Karo, Kura na Sadaka

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, majirani huniletea fomu za basari, yaani msaada wa karo, niwasaidie kuzijaza, kwa kuwa wananijua kama mwalimu mstaafu na wanaamini kuwa maandishi yangu yatasomeka. Kazi hiyo ninaifanya kwa moyo mweupe. Hata hivyo, kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kushawishika kwamba masomo ya watoto, siasa na utoaji, mambo ambayo barazani tunayazungumza kila moja kwa wakati wake, huku kwetu Pwani ya Kenya yamefungwa fundo moja, na anayeumia ndani ya fundo hilo ni mzazi maskini.

Tuanze na fomu yenyewe. Inataka jina la mwanafunzi, nambari yake ya usajili, shule na kidato. Inataka kujua kama wazazi wote wako hai, na ikiwa mmoja ametangulia mbele ya haki, inataka nakala ya cheti cha kifo, ambacho familia nyingi za vijijini hazikukichukua kwa sababu marehemu alizikwa siku ileile na hakuna aliyewaza makaratasi. Inataka mapato ya familia kwa mwezi, swali ambalo mvuvi au mkwezi wa minazi hawezi kulijibu kwa tarakimu moja, maana riziki yake ya wakati wa kaskazi si ile ya wakati wa kusi. Kisha zinakuja nafasi za sahihi na mihuri: mwalimu mkuu, chifu au naibu wake, na mara nyingi imamu au mchungaji. Mama mmoja mjane, muuza mahamri, alinijia na fomu tatu ndani ya bahasha ya kaki. Moja ilikuwa ya eneo bunge, ya pili ya kaunti, ya tatu ya ufadhili wa benki. Zote zilimtaka athibitishe kwa mihuri ileile, kwa watu walewale, kwamba yeye ni maskini. Alilazimika kufunga biashara yake asubuhi kadhaa ili awafuate wenye mihuri maofisini mwao, na majina yalipotoka mwanawe akapata shilingi 4,000 kutoka mfuko mmoja, na hakupata chochote kutoka ile miwili iliyobaki.

Tuupime msaada huo kwa karo. Kwa viwango vilivyowekwa na Wizara ya Elimu, shule nyingi za bweni zilizo chini ya zile za kitaifa hutoza shilingi 40,535 kwa mwaka, nazo shule za kitaifa shilingi 53,554. Hapo sijataja sare, godoro, sanduku la bati na nauli. Mtoto aliyepewa shilingi 4,000 amepata chini ya sehemu moja ya kumi ya karo yake, na shule itamrudisha nyumbani muhula wa pili kama vile ingemrudisha asiyepewa kitu. Hata hivyo jina lake limeshaandikwa katika orodha ya waliosaidiwa, na atahesabiwa miongoni mwao siku mheshimiwa atakaposimama jukwaani kueleza aliyoyafanya.

Fedha hizi ni za nani? Bunge lilipopitisha Sheria ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, mwaka 2003, liliamua kwamba angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali igawiwe maeneo bunge, na sehemu kubwa ya fedha hizo imekuwa ikienda kwenye basari. Leo mfuko huo, unaoitwa NG-CDF, unafika katika maeneo bunge yote 290. Kaunti nazo zina basari zao, na wawakilishi wa wanawake wana mfuko wa NGAAF. Chanzo cha yote haya ni kodi. Yule muuza mahamri ameichangia kila aliponunua sukari, sabuni na muda wa maongezi wa simu. Lakini tazama jinsi fedha hizo zinavyorudi kwake. Wazazi wanaitwa uwanjani tangu asubuhi, hema linapigwa, ngoma zinachezwa, na hundi kubwa ya kadibodi inainuliwa mbele ya kamera ikiwa na picha ya kiongozi pembeni. Hundi halisi huandikwa kwa jina la shule, ikiambatanishwa na orodha ya wanafunzi, na ingeweza kupelekwa shuleni kimyakimya bila mzazi kuacha shughuli zake. Mzazi anaitwa ili ashukuru, na anashukuru kweli, kwa machozi. Ninayemlaumu si yeye bali wale wanaopokea shukrani ya mali ambayo si yao.

Madhara ya shukrani hiyo huonekana baadaye. Mtu aliyefadhiliwa haoni pa kuanzia kumuuliza mfadhili wake kwa nini zahanati haina dawa au kwa nini barabara iliyotengewa fedha haijaguswa. Akiuliza, wapambe humkumbusha ni nani aliyemsomeshea mtoto. Wapo wazazi katika kijiji ninachoishi wanaoogopa kuonekana katika mkutano wa mgombea wa upande wa pili, kwa hofu kwamba jina la mtoto litaruka katika orodha ijayo. Sina njia ya kuthibitisha kwamba kuna jina lililowahi kuruka kwa sababu hiyo, ila hofu yenyewe inatosha kumfunga mtu mdomo, na uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia hofu hiyo inazidi kuwa nzito.

Nisieleweke kana kwamba siasa na ufadhili wa masomo havikuwahi kukutana kwa heri katika nchi hii. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya, mwanasiasa hasa, aliyezunguka huko akitafuta nafasi vyuoni na wachangiaji wa nauli, miongoni mwao mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na katika kundi la mwaka huo wa 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Profesa Wangari Maathai na kumpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Upande wa pili Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia vijana nafasi katika nchi za kisoshalisti. Ushindani wa kisiasa ulikuwapo, tena mkali. Lakini nyuma ya vijana wale zilikuwapo familia zilizouza mbuzi na ng'ombe na vijiji vilivyochanga senti kwa senti, kwa hiyo kijana aliyerudi na shahada alijijua kuwa mdeni wa watu wengi, hata kama aliyemfungulia mlango alikuwa mmoja.

Vivyo hivyo harambee, Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya mwito wa taifa mwaka 1963. Sisi Pwani hatukuwa wageni wa jambo hilo, kwani Wamijikenda walikuwa na mweria, ile kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, na pasipo mweria kulikuwa na mchango wa maziko na wa arusi. Katika miongo miwili ya mwanzo ya uhuru, shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa harambee. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyochangiwa na wananchi. Aliyeleta kuku na aliyeleta shilingi mia walikaa katika mkutano mmoja, na kila mmoja aliweza kesho yake kumuuliza mweka hazina mabati yamefika wapi. Mambo yaliharibika pale mgeni rasmi alipokuwa ndiye mchango wenyewe, watu wakaja kumsubiri afungue mkoba, na baadaye, zama za Nyayo, yaani utawala wa Rais Moi, machifu wakawa wanadai michango kama kodi na mishahara ya watumishi ikikatwa.

Nchi imejaribu kurekebisha. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, kabla ya kufutwa mwaka 2025, ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kukusanya michango ya harambee. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani mwezi uliotangulia, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee. Kanisa la Kianglikana lilikuwa limetangulia: Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais katika kanisa moja la mtaa wa Soweto jijini humo zirudishwe. Niliposikia habari hiyo nilitamani misikiti yetu nayo ingefanya vivyo hivyo na zile pakiti za tende na unga zinazogawiwa mwezi wa Ramadhani zikiwa na sura za wagombea. Dini zetu zote mbili zimefundisha kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Sadaka inayopigiwa tarumbeta humvunjia heshima anayepokea, na watoto wake wanaona.

Upo upande wa pili wa hoja, na sitaki kuupitia juujuu, kwa sababu wanaousema ni wazazi wenyewe. Wanasema, "Mwalimu, afadhali hicho kidogo kuliko kukosa." Wana haki. Zipo kaunti ambazo basari zake zimebadilisha hali ya elimu, na Kwale, kwa mpango wake wa Elimu ni Sasa ulioanza baada ya ugatuzi wa 2013, ni mfano ambao wengi hapa Pwani wanautaja kwa fahari, kwani umewapeleka shule za kitaifa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuvuka lango la sekondari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alipoziandikia kaunti kwamba zisilipie elimu isiyo jukumu lao bila makubaliano na serikali kuu, magavana walilalamika, kesi ikafunguliwa, na mahakama ikasimamisha agizo lile kwa muda. Kwa mujibu wa Katiba alikuwa na hoja, maana kaunti zimekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si sekondari. Lakini mzazi ambaye mtoto wake yuko kidato cha tatu hawezi kulipa karo kwa Jedwali la Nne la Katiba.

NG-CDF nayo iliingia mashakani. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ya mwaka 2015 inakiuka Katiba, na ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake. Bunge la Taifa likakata rufaa, na Julai 2025 likapitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba. Wabunge wanasema wanatetea watoto maskini, na sina shaka kwamba wapo wanaosema hivyo kwa dhati. Ninachowaomba wajiulize ni kwa nini hawakusimama kwa nguvu hiyohiyo mwezi huohuo, Waziri wa Fedha John Mbadi alipowaeleza kwamba serikali haimudu shilingi 22,244 zinazopaswa kutolewa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kwamba kinachopatikana ni takriban 16,900. Pengo hilo linamgusa kila mtoto, wa kutwa na wa bweni, mwenye mjomba ofisini na asiye na mtu. Fedha zinazopelekwa moja kwa moja shuleni kwa kila mwanafunzi hazihitaji muhuri wa chifu, hema wala ngoma, na nadhani ndiyo sababu hazipati watetezi wengi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeiweka sekondari ndani ya elimu hiyo. Ningependa basari zote za sekondari, za mbunge, za kaunti na za mwakilishi wa wanawake, ziunganishwe katika mgao huo, kisha kibaki kiasi maalumu kwa mayatima na watoto wenye ulemavu, kigawiwe na walimu na maafisa wa ustawi wa jamii wanaozijua nyumba zao.

Najua hilo litachukua miaka. Wakati tunangoja, liko jambo dogo tunaloweza kulidai katika kila wadi. Orodha ya basari ibandikwe ukutani, nje ya ofisi ya chifu na katika kila shule, ikionyesha shule, kidato, kiasi na kigezo kilichotumika, na majina ya mayatima yakifichwa kwa nambari za usajili ili wasiaibishwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kama hizi kwa barua, bila kueleza sababu, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Nimeandika mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili chepesi, na kila anayeniletea fomu ya basari sasa ninampa nakala. Baadhi ya wazazi wameikunja na kuiweka mfukoni kwa wasiwasi, na sikuwashurutisha. Yule muuza mahamri alikaa papo hapo akaijaza, akaniomba nimsomee tena kwa sauti, kisha akauliza kama kikao cha kaunti cha kutoa maoni kuhusu bajeti kiko wazi kwa mtu yeyote. Kiko wazi, na tumekubaliana kwenda pamoja na wazazi wengine wa mtaa wetu, kila mmoja akiwa na nakala ya barua yake.