Mmm ya Mama, Mmm ya Mtoto

Siku ya kwanza ya mafunzo tulifundishwa kuguna. Mwezeshaji, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, aliandika herufi m ubaoni akatukataza kuitaja jina. "Msiseme 'me'. Jina la herufi mtoto atalijua mbele ya safari. Mimi nataka sauti. Fungeni midomo: mmm." Ukumbi mzima wa walimu wa darasa la kwanza na la pili, wengine tayari wana wajukuu, ukafunga midomo ukaguna. Ikaja sss, ikaja fff. Tulipofika b kazi ikaanza. Jaribu hapo ulipo: toa sauti ya b bila kuisindikiza na irabu. Inatoka "bu", au "bi", au unabaki umefura mashavu. Sisi tuliokulia Kisukuma na Kiswahili hatukuwahi kuidai konsonanti isimame peke yake namna hiyo, na sasa tulitakiwa tuifundishe kwa watoto wa miaka saba.

Ilikuwa 2015. Mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili ulikuwa ndio umeingia, masomo yamepunguzwa, uzito wote umewekwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kelele zilikuwa zimetangulia siku nyingi. Watu wa Uwezo, shirika linalopima watoto kusoma na kuhesabu, walikuwa wakitoa taarifa zao tangu 2010, wakionyesha watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na magazeti nayo yaliandika habari za vijana waliofika kidato cha kwanza hawajui kusoma. Lawama zote hizo mwisho wake zilitua kwetu, walimu wa darasa la kwanza, ambao kabla ya hapo hakuna aliyetukumbuka. Katika shule nyingi darasa la kwanza alipewa mwalimu anayekaribia kustaafu, au mama mwenye mtoto mchanga, au yule aliyegombana na mwalimu mkuu. Basi serikali ikatuita mafunzoni chini ya mpango wa kuinua KKK ulioitwa LANES. Sisi wa mikoa yetu tulipelekwa kwenye chuo kimoja cha ualimu Kanda ya Ziwa. Wanachuo walikuwa wametawanyika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, tukarithi mabweni yao na vitanda vyao vya kupandiana.

Niseme pia kwamba si wote waliokuja walikuwa wa darasa la kwanza. Nilikaa karibu na bwana mmoja aliyefundisha Hisabati darasa la sita. Alikuja kwa sababu jina lake lilikuwa juu kwenye orodha, na alilijua hilo, nasi tulilijua. Mengine kuhusu posho nitayasema baadaye.

Asubuhi zilianza kwa makofi ya kilo na nyimbo za kuchangamsha, kisha mtunza muda, kisha muhtasari wa jana, kisha bangokitita, yale makaratasi makubwa ya kuandikia. Kuta zilijaa karatasi mpaka tukakosa pa kubandika. Nyingi ya karatasi hizo sikumbuki zilisema nini. Kilichonikaa ni ile asubuhi ya r na l. Sisi Wasukuma tukatoa l mahali pote, tukisema "balabala" bila haya, na walimu wa Tarime wakatujibu kwa r zao, wanasema "kurara" na "chakura". Mwezeshaji akatugawa katika makundi mawili yanayotazamana ili kila kundi lilisikie jingine. Tulicheka hadi mtu mmoja akatoka nje kufuta machozi. Lakini baada ya kicheko mwalimu mmoja wa Tarime aliuliza swali zito: mtoto akiandika "kurara" kwenye daftari, nimsahihishe nini, wakati mimi mwenyewe ndivyo ninavyotamka? Hapo ukumbi ulitulia. Tulijadili mpaka kengele ya chai, na nakiri mjadala ule ulikuwa bora kuliko kurasa kadhaa za kitini.

Na alikuwepo mama mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote, tuliyemwita Bibi. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawatoshi, walichukuliwa vijana waliomaliza la saba, wakasomeshwa ualimu hukohuko vijijini, wanafundisha huku wanajifunza, masomo mengine yakiwajia kwa redio na kwa posta. Walianza na daraja la IIIC, la chini kabisa la ualimu, na maisha yao yote ya kazi walisikia watu wakitamka "mwalimu wa UPE" kwa sauti ya kudharau. Bibi alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Kila asubuhi alitusalimia "Mwangaluka" kabla hatujawahi kumpa shikamoo, akakaa mstari wa mbele na mfuko wake wa sandarusi miguuni.

Siku ile ya kuguna yeye hakuguna. Alinyoosha mkono.

"Baba, naomba kuuliza. Hiyo 'mmm' yako ni ya mama au ni ya mtoto?"

Mwezeshaji hakumwelewa. Wengi wetu pia.

"Kwenye 'mama', m imebebwa na a. Ma-ma. Kwenye 'mtoto' imekaa peke yake, haina a, haina chochote. M-to-to. Ukimpigisha makofi mtoto, anapiga matatu. Sasa ukimwambia sauti ya m ni 'mmm', kwenye 'mtoto' ataweza. Kwenye 'mama' atasema 'mmm-a, mmm-a'. Atasikia nini hapo?"

Kijana alimshukuru, akaandika swali kwenye karatasi ya maswali ya baadaye. Sote tunajua karatasi ile. Maswali huingia hayatoki. Lakini kesho yake alirudi, kabla hata ya muhtasari, akasema, "Mama, swali lako limeninyima usingizi." Akatueleza kwamba m ya "mtoto" ni silabi nzima, na mtoto afundishwe kuirefusha kidogo, ile ya "mama" afundishwe kuigusa tu na kuirukia a mara moja bila kupumzika katikati. Akatufanyisha mazoezi ya kuunganisha, polepole, haraka, haraka zaidi. Nilimheshimu tangu siku hiyo. Bibi alisema tu, "Sawa, baba," akafungua mfuko wake akatafuta miwani.

Ubishi wao ulikuwa mkubwa kuliko hiyo m. Kitini kilitaka tuanze na sauti, tuzijenge ziwe silabi, silabi ziwe neno, neno liingie kwenye sentensi na hadithi. Bibi alikuwa mtu wa silabi: ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa sisi sote na wazazi wetu. Alisema Kiswahili chenyewe kimejipanga hivyo, na kumpasulia mtoto silabi ni kumtafutia kazi. Mimi hadi leo naona alikuwa na hoja. Kelele za "sauti kwanza" zilikuja kwetu kama amri, na lugha yetu haina matatizo ya Kiingereza, ambako herufi moja inasomwa hivi hapa na vile kule.

Kisha tukapelekwa shule ya mazoezi, kila mmoja afundishe kipindi cha dakika 30 huku wenzake wamekaa nyuma na fomu. Fomu ilikuwa na visanduku: mwalimu ameanza na sauti ya herufi? Ameshirikisha wanafunzi wote? Ametumia zana? Ndiyo, Hapana. Zamu ya Bibi ilipofika alimwaga mezani vizibo vya soda vilivyojaa mfukoni mwake, kila kimoja kimeandikwa silabi kwa rangi ya kucha. Akatundika chati yake ya b, akaanza kuwaimbisha. Nikamwona mwezeshaji akitia alama kwenye Hapana.

Watoto waliimba vizuri mno. Nyuma, karibu na mimi, alikuwepo mvulana aliyeimba kwa nguvu kuliko wote, shingo juu, macho yako dirishani. Bibi aliimba nao mara mbili, kisha bila kunyamaza akaanza kutembea kati ya madawati hadi kwa mvulana yule, akamshika bega, akaenda naye mbele. Akainua ncha ya kanga yake akafunika chati yote, akaacha silabi moja tu, "bo".

"Hii?"

Mvulana akaitazama. Midomo ikaanza kucheza bila sauti, tukaisoma kutoka nyuma: ba, be, bi. Kisha akatamka, "Bo!"

Darasa likapiga makofi. Bibi hakupiga. Alifuta ubao, akaandika zilezile tano zikiwa zimevurugwa, bu ba bo bi be, akamwuliza ya nne. Midomo ikaanza tena ba, be... halafu ikasimama, maana ubaoni mambo hayakuwa yanafuata wimbo. Alikuwa hajui hata moja. Alikuwa anajua wimbo.

Kilichofuata ndicho nilichokwenda nacho nyumbani. Bibi, yule mpinzani wa sauti, alichuchumaa mbele ya mtoto akamwambia, "Nitazame mdomo." Akafunga midomo, akaiachia taratibu: b, i. Tena. Akamwekea mkono wa mtoto karibu na midomo yake ausikie upepo. B, i. Hakuna silabi hapo, ilikuwa sauti tupu, sawasawa na kitini. Mtoto akasema "bi". Bibi akamrudisha kwenye vizibo, akamtaka atafute "bi" nyingine ifanane na hiyo, aziweke pamoja. Akaziweka, akazitazama kwa muda mrefu, akasoma, "Bi-bi." Kipindi kilikuwa kimepita muda wake, mtunza muda ameinua karatasi nyekundu, na hakuna aliyemjali.

Mrejesho wa walimu una desturi yake. Kila mmoja husimama na kusema, "Kwanza nampongeza mwalimu kwa somo zuri," kisha anataja kosa dogo la mwandiko ubaoni. Siku ile wa kwanza alisimama akapongeza, akasema Bibi hakuanza na sauti. Wa pili akasema muda umezidi. Mwezeshaji akawakatiza. Alimwuliza Bibi alijuaje kwamba ni mtoto yule.

"Aliyetazama dirishani," alijibu. "Anayesoma hawezi kutazama dirishani. Na anayeimba kwa nguvu zaidi ndiye wa kwanza kumwangalia."

Hilo halikuwemo kwenye kitini wala kwenye fomu. Mwezeshaji alimwomba arudie siku inayofuata kwenye mkondo mwingine, na safari hii tukaambiwa tuweke fomu chini tutazame watoto.

Nimeshafikiria sana kwa nini kipindi kile kilinigusa. Tangu nilipotoka chuoni sikuwa nimemwona mwalimu mwingine akifundisha kipindi kizima. Mwalimu akiingia darasani anafunga mlango, na aliyewahi kuingia darasani kwangu alikuwa mkaguzi, ambaye alitazama andalio la somo na azimio la kazi, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Daktari kijana hufanya kazi huku mkubwa wake anamtazama. Sisi tulikuwa tunafundisha miaka na miaka bila kuonana. Mafunzo yale, pamoja na makaratasi yake yote, yalinipa nafasi ya kukaa nyuma ya darasa la mtu anayejua kazi.

Posho, basi. Ililipwa siku ya mwisho, jioni, baada ya kupanga foleni ya kusaini karatasi nyingi, na wa mbali walikuwa wameshakosa basi. Watu husema walimu hupenda semina kwa ajili ya posho. Ni kweli tunaipenda. Bwana wa Hisabati aliipenda kuliko mimi, kisha akaniomba nimnakilie chati ya Bibi kwa ajili ya mke wake, aliyekuwa akifundisha darasa la kwanza na hakuitwa.

Shuleni kwangu nilipewa nafasi ya kutoa mrejesho kwenye kikao cha walimu, mwisho kabisa, wakati watu wameshashika mikoba. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, wazazi wakaleta watoto wote waliokuwa wamewaficha kwa kukosa michango, na darasa langu likapita mia. Vizibo vya soda havikutosha, wala sakafu ya kuvimwaga. Makundi ya watano watano niliyoyafanya chuoni yakawa hayana pa kukaa. Kufunika chati kwa ncha ya kanga, hilo liliwezekana hata kwa mia.

Siku hizi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo hufanyika shuleni kwetu wenyewe. Walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza, wanachagua mada inayowasumbua, wanaijadili. Ni wazo zuri, na halihitaji basi. Kasoro yake kwetu ilikuwa kwamba tulikutana ofisini, saa tisa, wanafunzi wameshaondoka, tunazungumzia ufundishaji na hakuna anayefundishwa. Mwaka jana nilimwomba mwalimu mkuu tuhamishie kikao darasani asubuhi, mmoja wetu afundishe na wengine tukae nyuma. Aliuliza madarasa ya hao wanaokaa nyuma yataachiwa nani. Tulibishana kidogo, tukakubaliana tuende wanne wanne kwa zamu, na si kwenye wiki ya majaribio. Wa kwanza kufundisha alikuwa mwalimu wetu mpya wa darasa la pili, ambaye alianza kwa kuwaimbisha, nami nikaanza kutafuta ni nani anayetazama dirishani.