Mtu wa Ndege

Shangazi yetu mkubwa alifariki Tukuyu Machi 2020, siku chache baada ya Waziri wa Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Habari za mgonjwa yule kila mtu alikuwa nazo kichwani: Mtanzania, katoka Ubelgiji, kashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tarehe 15, kesho yake katangazwa yuko Arusha. Shule zikafungwa. Kwa hiyo nilipopiga simu nyumbani kusema nimepata ndege ya asubuhi, nitatua Songwe niwahi mazishi, mdogo wangu wa kike alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kaka, mabasi yamekwisha?"

Basi la Dar lingenifikisha Mbeya jioni, na shangazi alikuwa anazikwa saa tisa mchana. Nikapanda ndege. Pale Songwe tulipimwa joto kwa kile kidude cha kuelekezewa usoni, nacho kinamkamata aliyeanza homa tu. Aliyeambukizwa juzi anapita kama mimi nilivyopita. Mbalizi, Uyole, Isongole kwenye ukungu, nikafika mvua ikinyesha, kama kawaida ya Tukuyu.

Msibani nilipokewa na ndoo ya maji yenye koki. Nikanawa. Nikataka kwenda kuwapa pole wafiwa, mdogo wangu akanishika koti: "Usimpe mtu mkono, wamekataa." Wamama wakanisalimu "Ugonile" kutoka mbali, wengine wamejifunika kanga puani. Benchi langu lilikuwa limeshawekwa peke yake kando ya migomba, nje kabisa ya turubai, na chai ililetwa kwenye kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vingine. Mtoto aliyekileta alikiweka chini, akakimbia. Sikukasirika. Anayeijua misiba ya kwetu anajua mikono inavyopeanwa pale, mmoja baada ya mwingine mpaka kiganja kinakufa ganzi. Kukaa pembeni nako kulikuwa na raha yake.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu na msikilizaji wa redio wa kutupwa, alikuja akasimama hatua kadhaa kutoka kwangu kunieleza uamuzi wa ukoo. "Unakumbuka Ebola ya 2014, mwanangu? Yule Mliberia aliyeshuka Lagos mwezi wa saba? Mtu mmoja, ndege moja. Nigeria wakaugua watu 20, wakafa wanane."

Nikamwambia ni kweli, Baba, lakini Ebola hiyohiyo ilitoka vijiji vya Guinea ikaingia Liberia na Sierra Leone bila ndege, watu wanavuka mpaka kwa miguu na pikipiki kwenda sokoni na misibani, na huko ndiko walikokufa maelfu. Akafikiri. "Sasa hapa Tukuyu nani katoka Guinea?"

Sikuwa na jibu. Ila nilikuwa namtazama binamu yangu, dereva wa malori ya shaba, aliyeketi katikati ya wazee chini ya turubai, mkono kwenye sinia la pamoja. Alikuwa ameingia alfajiri. "Na huyo je?" nikauliza.

"Huyo katoka Tunduma tu."

Binamu akasikia, akacheka huku anatafuna. "Tunduma nimepita, Baba. Juzi nimelala Ndola, Zambia."

Kwa wiki ile baba mdogo hakuwa amekosea. Zambia nayo ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza wagonjwa wake wa kwanza, mume na mke waliorudi kutoka Ufaransa, na hao pia walipanda ndege. Ugonjwa ulikuwa bado una tiketi ya gharama. Lakini ulishashuka, na ukishashuka haubaki uwanjani kusubiri mizigo. Mei mwaka huohuo Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi kugundulika pale kwa mkupuo, na madereva wakakwama upande wetu, malori yamepangana barabarani. Hata ndani ya ndege yenyewe wa kumwogopa zaidi ni jirani wa kiti, maana hewa ya ndege inachujwa muda wote. Ndani ya Coaster iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ya Isongole, nani anachuja?

Tukazika. Udongo nilitupa wa mwisho, peke yangu, wengine wameshasogea.

Tuliporudi, binamu alichoka kubanana na wazee, akaja kwenye benchi langu, akakiona kikombe kina chai, akanywa. Wamama walipiga ukelele ambao hawakuupiga hata makaburini. Baba mdogo akatoka mbio, akasimama umbali wake uleule, akatutazama wote wawili.

"Kaa hukohuko," akamwambia.

Tukaletewa sinia letu la ndizi, na nyama nyingi kuliko walizopata wazee.