Kotimiri yangu ya Mikindani na ndugu zake wa porini

Mdogo wangu anayesoma Uingereza alinitumia picha ya mmea wa kando ya barabara: majani yaliyochanikachanika, maua meupe yaliyokaa kama mwavuli. "Dada, kotimiri mwitu hii, niichume?" Nikampigia palepale. Usiguse kwanza, nionyeshe shina.

Jamii ya karoti ina watoto wengi. Karoti, kotimiri na bizari nyembamba ni ndugu, lakini humo humo imo hemloki, sumu aliyonyweshwa Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 KK. Shina la hemloki halina vinyweleo, lina madoa ya zambarau, na likipondwa linanuka kama panya. La mdogo wangu lilikuwa na mifereji, vinyweleo upande wa chini, madoa hakuna. Nadhani ni Anthriscus sylvestris, mmea wa porini wa jamii hiyohiyo ambao Waingereza huuita cow parsley. Hata hivyo nilimkataza kuula. Kwa mimea hii picha haitoshi kabisa.

Akauliza kama aniletee mbegu. Mbegu zake huhitaji baridi ya muda mrefu ndipo zichipue, na Mikindani baridi hiyo tutaitoa wapi?

Mimi nabaki na kotimiri. Naipanda Juni, joto likipungua, karibu na mwembe ili ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Punje nazisugua kwa kiganja mpaka zipasuke mbili, nazilaza majini usiku mmoja. Wiki moja au mbili, zimechomoza. Nikichelewa hadi Novemba zinakimbilia kutoa maua kabla sijachuma majani ya kutosha sufuria moja ya mchuzi wa pweza.